Upupu Ambao Si Upupu

Jumapili, 2 Machi 2025

Wananchi wote wa kitongoji chetu, wa vitongoji jirani, na wenzetu walioko mbali hadi Babati, mnatangaziwa kwa heshima na masikitiko kwamba leo, saa tisa na robo alasiri, Mwalimu Isidori Margwe, mwenye umri wa miaka hamsini na tatu, amekalia majani yanayowasha. Majeruhi anaendelea vizuri akiwa amesimama. Anatarajiwa kusimama hadi kesho. Bendera zisishushwe.

Ilikuwa hivi. Ndama alitoroka, nikamfuata mpaka kwenye boma la zamani la marehemu babu, mahali walipolala ng'ombe miaka arobaini na sasa hapalali hata mbwa. Nikachoka. Mwanamume wa umri wangu akichoka hachagui kiti. Na suruali yangu ya Jumapili ni nyepesi.

Mama alinikuta uani nikizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Jina lake ni Marieta, ana miaka sabini na minane, na hakuniambia pole.

"Umekaa wapi?"

"Bomani kwa babu."

"Yameota?" Macho yakamng'aa. "Yana urefu gani?"

"Mama, mimi ndiye niliyeumia."

"Wewe utapona. Yana urefu gani?"

Nikamwonyesha kwenye goti. Akachukua kikapu, akaondoka kwa mwendo ambao sijauona tangu harusi ya mjukuu wake. Basi masika yamefunguliwa rasmi, na mimi ndiye utepe uliokatwa.

Majani hayo sisi hapa tukiongea Kiswahili tunayaita upupu. Mama anayala tangu utoto. Daftari hili lilikuwa la maandalio ya masomo, lakini kwa kuwa siwezi kukaa kusahihisha madaftari ya watu, naandika langu nikiwa nimeegemea kabati.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Padre amesema kila mtu aache kitu kimoja. Nimeacha kukaa kwenye nyasi.

Ijumaa, 7 Machi

Shuleni watoto wanakula makande matupu wiki ya tatu sasa. Kabichi za bustani ya shule zimekwisha, mchicha uliopandwa bado haujatoa hata masikio, na mavuno yako mbali. Mwalimu Mkuu wetu, Madam Loveness, ni kijana wa miaka thelathini na nne, mchapakazi, anayetembea kama mtu aliyesahau jiko likiwaka. Leo kwenye chai alisema, "Walimu, nani ana wazo la mboga? Wazo lolote."

Nikajikuta nasema, "Mama yangu ana mboga."

"Ngapi?"

"Boma zima. Ila inauma."

Walimu wakacheka. Madam hakucheka. Aliandika.

Jumanne, 11 Machi

Leo nimejisikia mtoto wa mtu mkubwa.

Mama alikuja shuleni amevaa shuka lake jipya na mabuti ya mvua, fimbo mkononi. Darasa la sita lote na mpishi wetu Evaline walimfuata mpaka bomani. Mimi nilikuwa mkalimani, maana mama akinogewa anaacha Kiswahili njiani na kuendelea kwa Kiiraqw.

"Kwanza tazama mahali," alisema. "Haya yanapenda samadi. Ukiyakuta porini, jua palilala ng'ombe au paliishi watu. Hayaoti bila sababu."

Akainamisha bua moja kwa ncha ya fimbo. "Shina hili si la mviringo. Lina kona nne, kama mguu wa meza. Majani yanakaa mawili mawili, yanatazamana kama watu wanaosalimiana. Jozi ya juu imepishana na jozi ya chini kama msalaba. Pembeni yana meno ya msumeno. Sasa liweke kati yako na jua."

Watoto wakachuchumaa. Dhidi ya mwanga, jani zima lilikuwa limeota vinywele vyeupe, vyembamba, vimesimama kama askari.

"Hizo ndizo sindano. Na hili je?" Akachuma jingine pembeni, lenye meno yale yale na shina lile lile la kona nne, lakini na maua ya zambarau. Akajipaka nalo shavuni. Watoto wakapiga kelele. Hakuna kilichotokea. "Hili ni la kufanana tu. Halichomi, wala sisi hatuli. Jani likikukaribisha bila kukuuma, liulize kwanza ni nani."

Nilipotafsiri hilo nilisimama kidogo. Miaka ishirini na minane nafundisha methali za vitabuni, na zangu zilikuwa zinalala chumba cha pili.

Kisha akachuma kwa mkono mtupu. Vidole viwili, kwa nguvu, kutoka chini kwenda juu. "Ukiligusa kwa woga linakuchoma. Ulikamate." Anachuma vichwa tu, majani manne ya juu, na kabla hayajatoa maua. Yakishatoa maua yanakuwa na mchanga mdomoni. Watoto walivaa soksi mikononi. Mbili zilikuwa zangu, na shule haina kumbukumbu ya nani alizitoa.

Jirani yetu Mzee Hermani, ambaye hukosekana tu pale penye kazi, alifika kusimulia matumizi mengine. Yeye hujichapa majani hayo magotini kila asubuhi ya baridi. Anasema goti linasahau maumivu ya zamani kwa kushughulikia mapya. Mama akaongeza kwamba mwanamke aliyejifungua hupewa supu yake kurudisha damu, na vifaranga hukatiwa mabichi wakakua haraka. "Mimi nilimnywea huyu," akaninyooshea fimbo. "Siku kumi. Ndiyo maana ana kichwa kikubwa."

Jikoni yalichemka, na moto ulipoyapata tu, sindano zote zikalala. Evaline akayaponda, akatia maziwa na magadi kidogo, akamimina juu ya makande. Watoto mia mbili na kumi na wawili. Hakuna aliyebakiza. Mmoja wa darasa la kwanza alikuja kumwuliza mama, "Bibi, kesho tena kitatuuma?"

"Kesho nyie ndio mtakiuma."

Jumatano, 12 Machi

Mvua usiku kucha. Tope.

Ijumaa, 14 Machi

Madam Loveness ameniomba niandike ripoti ya chakula kwenda ofisi ya lishe wilayani, kwa kuwa mimi ndiye mwalimu wa Kiswahili na mwandiko wangu hausomwi kwa kubahatisha. Nimeandika kurasa mbili. Naomba kunukuu: "Wanafunzi mia mbili na kumi na wawili sasa wanakula upupu mara tatu kwa wiki, chini ya uelekezi wa mama yangu mzazi, Bibi Marieta Margwe, ambaye huukusanya kwa mikono yake mwenyewe." Nimeisoma kwa sauti mara tatu. Ina mdundo. Mke wangu Scolastica ameniuliza kama naenda kupokea tuzo.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Majani yamefika kiunoni. Jumapili, baada ya misa, wanawake wanne walimfuata mama kumwomba awaonyeshe. Amechagua wawili. Anasema wengine wana mikono ya woga.

Jumanne, 25 Machi

Barua imekuja.

Madam aliniita ofisini, akafunga mlango, akanipa niisome mwenyewe. Ofisi ya lishe inaagiza shule iache mara moja kuwalisha wanafunzi upupu. Upupu ni mmea hatari ambao vinyweleo vyake huleta mwasho mkali, na ukiingia kooni mtoto anaweza kupoteza pumzi. Shule ieleze kwa maandishi ni kwa nini ilimwachia jikoni "mtu asiye na ujuzi wa mimea." Halafu jina, wazi wazi, kwa herufi kubwa: MARIETA MARGWE. Imesainiwa na afisa lishe, Bwana Alfredi, aliyehamia huku mwaka jana kutoka Muheza.

Muheza, Tanga. Nilipoona neno hilo, nilielewa yote.

Kwa sababu huko, na kwenye kamusi iliyoko mezani kwangu, na katika Kiswahili cha watu wote isipokuwa sisi wa huku mlimani, upupu ni kitu kingine. Ni mmea unaotambaa, wenye maganda kama ya maharage, yamevaa manyoya ya rangi ya kahawia. Manyoya hayo yakipeperuka tu darasani, darasa zima linakimbilia mtoni. Bwana Alfredi alisoma ripoti ya mwalimu wa Kiswahili, iliyoandikwa kwa mwandiko safi, ikisema mama yake anawalisha watoto kitu hicho mara tatu kwa wiki. Angefanya nini? Mimi ningeita polisi.

Neno langu. Mwandiko wangu. Jina la mama yangu.

"Mwalimu," Madam alisema taratibu, "Bibi ana hakika ni mmea gani?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema: Madam, mama ana hakika, mimi ndiye sikuwa nayo. Ni sentensi fupi. Ina kiima na kiarifu. Nafundisha watoto wa darasa la tatu kuitunga.

Nikasema, "Nitamwuliza."

Jumatano, 26 Machi

Na nikamwuliza. Mtu anaweza kudhani ningeishia kusema tu. Hapana. Nilimkuta anachambua maharage, nikamsomea barua, nikaruka maneno mawili matatu ambayo hakuyastahili, kisha nikasema kwa sauti yangu ya ukaguzi, "Mama, una hakika na yale majani?"

Alimaliza kiganja cha maharage alichokuwa nacho. Akanitazama kama anavyotazama jani kabla ya kulichuma.

"Nimekulea kwa majani yale," alisema. "Nimewalea wanne. Nimezika mmoja, naye hakufa kwa mboga. Na wewe unaniuliza?"

"Ni wa wilayani wanauliza."

"Sikumsikia wa wilayani. Nimekusikia wewe."

Jumapili, 30 Machi

Habari za barua zimeshatoka ofisini. Kanisani Mzee Hermani alijikuna kwa madaha mama alipopita. Watu wa benchi la nyuma wakaguna kicheko. Hermani ni rafiki yetu, na utani wake haujawahi kuwa na meno, lakini leo ulikuwa na manyoya. Tukitoka nilisikia wanawake wakisema "Mama Upupu." Mama aliwasalimia wote, mmoja mmoja, kichwa juu.

Nikawaambia watu pale nje, "Hawa maafisa wa kutoka pwani hawajui mimea yetu." Wote wakakubali. Mimi ndiye niliyekubali kwa sauti zaidi.

Alhamisi, 3 Aprili

Mtoto mmoja wa darasa la pili ameumwa tumbo. Alikula mapera mabichi, yeye mwenyewe kasema, na ushahidi ulionekana. Lakini baba yake kaja shuleni kuuliza kama ni ule upupu wa Bibi. Hawajala majani hayo siku tisa.

Watoto wamerudi kwenye makande matupu.

Jumapili, 6 Aprili

Mama hakwenda kanisani. Kwaresima nzima hajawahi kukosa. Alisema goti. Mama hana goti, ana mabuti.

Jioni alimwambia Scolastica, mimi nikiwa pale pale kama kiti, kwamba mvua ikikatika na gari zikaanza kupita vizuri, atahamia Katesh kwa dada yangu Efrazia. "Kule sokoni hakuna anayenijua kwa mboga."

"Kwa siku ngapi, Mama?" nikauliza.

"Nitakaa," alisema. Siku hakuzitaja.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Namshukuru Mungu kwa mvua.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Nyumba ya mbuzi imeingia maji. Namshukuru Mungu hivyo hivyo.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Wajukuu wamejaa nyumba nzima, binti yangu Eva amekuja kutoka Arusha na mumewe. Mama alipika mwenyewe: nyama, ugali, na majani yake kwa maziwa mgando, sufuria zima, nyumba ikanukia kama utoto wangu. Akapakua sahani kwa sahani. Yangu ilipofika, ilikuwa na kabichi.

"Mama, hii ni kabichi."

"Ndiyo. Nina hakika nayo."

Mkwe wangu alicheka mpaka akakohoa. Mimi pia nilicheka. Kabichi ilikuwa nzuri. Niliila yote, kila jani, na sikuweza kumtazama.

Jumanne, 22 Aprili

Scolastica ameisoma nakala ya ripoti yangu. Niliiacha ndani ya kamusi, kwenye herufi U, kama mwizi anayeficha ng'ombe wa watu kwenye zizi lake.

"Baba Eva," alisema. Hakupaza sauti. Wanawake wa kwetu wakikasirika kweli, sauti inashuka. "Mwezi mzima mama anaitwa majina, na wewe unajua."

"Nilikuwa natafuta namna nzuri ya kulieleza."

"Ulikuwa unangoja aondoke."

Nilitaka kukataa. Nikatafuta neno, na mwalimu wa Kiswahili hakulipata.

"Kalamu iliyoandika ile," alisema, "ndiyo itakayoandika nyingine."

Nimeandika leo. Mistari sita: Kosa ni langu, upupu sio upupu, njoo uone. Haina mdundo wowote. Kesho naipeleka kwa bodaboda.

Jumanne, 29 Aprili

Bwana Alfredi amepiga simu. Nilimtegemea mkali. Ana sauti ya mtu anayesikiliza. Ameniuliza maswali ya majani, shina, mahali, nikamjibu kwa maneno ya mama, na kila jibu akawa anasema "enhe." Mwisho akasema atakuja Jumanne ijayo, na angependa wazazi wawepo, maana barua yake ilisomwa na wengi na hapendi kujisahihisha kwa siri.

Nimemwaza huyu kijana vibaya mwezi mzima kwa sababu alinisoma vizuri.

Majani yameanza kutoa vichwa vya maua. Mama amekwisha kufunga begi. Efrazia amepiga simu mara mbili kuuliza atakuja lini.

Jumapili, 4 Mei

Jua siku mbili mfululizo. Barabara inakauka. Basi la Katesh limepita leo bila kusukumwa.

Alhamisi, 8 Mei

Kwa kuwa hadithi ya juzi imeshazunguka kata yote ya Nambis na kurudi nyumbani ikiwa imenenepa, naiandika hapa kama ilivyotokea.

Inavyosimuliwa, Mwalimu Isidori alisimama mbele ya wazazi kama simba. Alitoa hotuba ya nusu saa juu ya heshima ya wazee. Alishika majani kwa mikono miwili bila kupepesa, akamtazama afisa machoni, akala sahani tatu kuonyesha kwamba hayana sumu, na afisa akaomba radhi akilia. Mzee Hermani ndiye anayeisimulia vizuri zaidi, na kila mara anapoifikisha kwenye sahani ya tatu, ananigonga bega.

Sasa kweli yenyewe.

Bwana Alfredi alifika saa nne na pikipiki, tope mpaka magotini. Ni mwembamba, miaka kama thelathini. Kitu cha kwanza alichofanya ni kumtafuta mama kwa macho, akaenda akainama. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umekuja kunifunga?"

"Nimekuja kujifunza, Bibi."

"Tutaona."

Wazazi walikuwa wamejaa darasa la saba. Madam akafungua kikao, akasema kulikuwa na "mkanganyiko wa istilahi." Maneno hayo nilimpa mimi, asubuhi ile ile. Ndiyo, kwa aibu yote naandika: baada ya barua ya mistari sita, ujasiri ulinitoka tena, nikatafuta maneno marefu ya kujifunikia. Na nilisimama kweli, hilo Hermani hajakosea. Nilikuwa na karatasi ya hotuba. Mstari wa kwanza ulisema, "Ndugu wazazi, lugha ni bahari pana."

Mama akasema, "Kaa kwanza."

Nikakaa.

Akamgeukia afisa. "Mwanangu, kwenu upupu ukoje?"

Bwana Alfredi akachukua chaki, akachora ubaoni mmea unaotambaa, na maganda, na manyoya. Ni mchoraji mzuri. Mama akausogelea ubao mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Huu!" alisema. "Huu naujua. Niliuona Magugu, nilipokwenda kuvuna mpunga nikiwa msichana. Ulitupata wote, tulilala mtoni. Na wewe ulidhani nawapa watoto *huu*?"

"Ndiyo, Bibi."

"Basi ulifanya vizuri kukataza. Hata mimi ningekataza." Darasa likacheka, na afisa akacheka, nikaona mabega yake yanashuka. Kisha mama akauliza, bila hasira, kama anayeuliza nani kaacha mlango wazi: "Sasa nani aliandika kwamba ni huu?"

Bwana Alfredi alikuwa ameshika ripoti yangu. Nataka iandikwe mahali kwamba kijana huyu aliikunja, taratibu, upande wenye saini ukawa ndani. Alinipa nafasi ya kubaki mtu wa heshima. Darasa zima lilikuwa linatazama huku na huku, na ningeweza kutazama huku na huku pamoja nao.

"Mimi," nikasema.

Haikutoka kama simba. Ilitoka kama mbuzi. Nikarudia ili walioko nyuma wasikie. "Mimi niliandika. Nililijua neno hilo kwenye kamusi, na nililitumia kama tunavyolitumia hapa, bila kufikiri. Barua ilipokuja nilielewa siku hiyo hiyo. Nikanyamaza. Nikamwuliza mama kama ana hakika, wakati mimi ndiye niliyekosea. Yote mliyomwita, mngeniita mimi."

Wiki sita nzima nilidhani mwasho mkali kuliko yote ni ule wa majani. Nilikosea.

Hermani alininyooshea kidole. "Kwa hiyo wewe ndiye Baba Upupu," alisema, na watu wakaangua kicheko, hata Madam aliyekuwa anajizuia kwa daftari. Kisha Hermani, mwenyewe, akasimama na goti lake bovu, akamfuata mama mbele ya watu wote. "Dada Marieta, nilijikuna kanisani. Halikuwa jambo la mtu mzima. Nisamehe."

"Ulijikuna vibaya hata hivyo," mama alisema. "Mtu aliyewashwa hajikuni hivyo."

Halafu akatupanga. Sina neno jingine la kulieleza. Alitutoa nje, wazazi, walimu, na afisa wa wilaya, akatupeleka bomani kama mbuzi, akafundisha upya. Mahali. Shina. Jozi kwa jozi. Meno. Akamwonyesha Bwana Alfredi jani la kufanana na kumpaka nalo shavuni, na kijana akasimama kimya akipakwa. Akamwonyesha jinsi ya kuchagua mabua ambayo bado hayajatoa maua, nayo yalikuwa yamebaki machache, upande wa kivulini. Afisa akajaribu kwa mkono mtupu. Akaogopa, likamchoma. "Yesu!" alisema, akaruka. "Likamate," wakamwambia watoto wa darasa la sita kwa pamoja, kwa Kiiraqw na kwa Kiswahili. Akalikamata.

Nilisimama pale nikamtazama mama akitembea mbele ya watu mia na zaidi, fimbo ikipiga majani kulia na kushoto, na kila aliponyoosha mkono shingo zote zikageuka. Sikuwa na kazi yoyote. Hakuhitaji hata mkalimani. Alipokosa neno la Kiswahili alionyesha kwa kidole. Sijawahi kujisikia fahari namna ile katika maisha yangu, na sikuwa nimechangia lolote isipokuwa kosa.

Bwana Alfredi aliandika barua mpya pale pale jikoni, juu ya pipa la maji. Alitaka jina la mmea. Mama akamtajia la Kiiraqw. Akajaribu kulitamka, mpishi Evaline akaenda kucheka nje. "Mwalimu, linaandikwaje?" akaniuliza. Nikasema sijui, na nafikiri ni jibu bora nililowahi kutoa mbele ya ubao au pipa. Basi akaandika maelezo yote: shina la kona nne, majani mawili mawili, meno ya msumeno, sindano nyeupe, huota penye samadi, huchumwa kabla ya maua, huchemshwa mpaka sindano zilale. Mwisho akaandika kwamba mtaalamu aliyethibitisha ni Bibi Marieta Margwe. Mama aliniagiza nimsomee. Nilipofika kwenye neno "mtaalamu" aliniambia nirudie, nikarudia. Akaniambia nirudie tena kwa ajili ya Hermani, ambaye sikio moja ni zito.

Kisha tukala. Hapa ndipo hadithi ya kijijini inapopotoka kabisa, kuhusu zile sahani tatu. Watoto walianza. Wakafuata wazazi, na wazazi walikuwa wametembea tangu asubuhi. Bwana Alfredi alikula mbili. Hermani alikula idadi ambayo haijathibitishwa. Mimi, kwa kuwa nilijiona sina haki ya kusogea, nilikaa mwisho kabisa wa foleni, na nilipolifikia sufuria, Evaline aliinua upawa ukiwa mtupu.

Kwa hiyo siku ile ambayo Mwalimu Isidori anasifiwa kwa kula majani mbele ya serikali, hakula hata jani moja. Nilichukua kipande cha ugali nikapangusa nacho sufuria. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, mabuti yamenyooshwa mbele, ananitazama nikipangusa.

"Kesho uwahi foleni," alisema.

"Kesho?" Nilisimama na sufuria mkononi. "Na Katesh, Mama?"

"Efrazia akitaka mboga," alisema, "anajua njia."